Roketi Iliyotoboa Dari: Wasifu wa Marehemu Mama Roketi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja wake wote wa fotokopi: marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, uwe mfupi, maana karatasi si ya kuchezea. La pili, usomwe na wifi yake, kwa kuwa hakutaka kusifiwa na mtu asiyemjua vizuri. Wifi amekubali yote mawili, ingawa hilo la ufupi halijui sana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa mwashi na mshona nguo. Mkasi aliujulia kwa mama yake. Akiwa na miaka sita alifumua pindo la gauni la mteja ili aone mshono wa ndani ulivyo. Alichapwa, lakini mshono aliuona.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 na kumaliza sekondari mwaka 1981. Hesabu ilikuwa chakula chake. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yake ya mwisho: "Ana akili sana, ila aache kukunjakunja karatasi za mtihani." Hakuacha.

Baada ya mwaka mmoja wa kusomea taipu, aliajiriwa Machi 1983 katika duka la uchapaji lililotazamana na posta. Mwaka 1987 duka lilileta mashine ya fotokopi yenye uwezo wa kukuza, naye akaishika kama mtoto wake. Hata mwenye duka alikuwa akiomba ruhusa kuigusa. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na sita.

Ni mbele ya mashine hiyo alipotokea fundi seremala mmoja, kaka wa wifi huyu anayesoma, akiwa na mchoro wa kabati. Dada wa fotokopi akautazama, akamtazama fundi. "Fundi, kabati hili litaingia nyumba ya nani? Mbona limepita dari?" Kweli, fundi alikuwa amekosea vipimo. Kesho yake alirudi na mchoro uliosahihishwa. Kesho kutwa akarudi bila mchoro wowote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1989, na wakajaliwa binti na mvulana.

Sasa tuje kwenye roketi, maana mnazisubiri.

Mwaka 1992 mwalimu mmoja wa sayansi alileta kijitabu cha kukata na kubandika, roketi ya karatasi ya kwenda mwezini. Mashine ilikuwa imeachwa kwenye asilimia mia na arobaini na moja, ile ya kukuza. Marehemu alipogutuka, nusu ya kurasa zilikuwa zimetoka kubwa. Mwalimu alipewa nakala nyingine, na zile zilizoharibika marehemu akaenda nazo nyumbani, akaziunganisha hivyo hivyo. Ikatoka roketi nene chini na nyembamba juu, kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachukua rula. Kuanzia siku hiyo kaka yetu alijua ana mshindani, tena wa karatasi.

Alijifunza kukuza kurasa mara mbili mfululizo, hadi roketi inayofika kiunoni ikakaribia dari. Hapo akagundua kwamba ukikuza picha, karatasi yenyewe haiongezeki unene. Roketi kubwa ililegea na kuinama. Mumewe akawa anamkatia visahani vya plaiwudi vya kukaza ndani, na ndani ndiko alikoruhusiwa kuishia. "Mkono wako umezoea misumari," aliambiwa kila aliposogelea mkasi. Mapambo ya nje yalikuwa ya mama mwenyewe: ngazi za uzi, bomba za waya, safu za misumari midogo aliyoitokeza kwa kugandamiza karatasi upande wa nyuma kwa kalamu iliyoisha wino. Kila ukingo aliupaka rangi kwa penseli. Ukingo mweupe ulimkera kuliko deni, tena angeuona kutoka mlangoni.

Mwisho kabisa alikata mtu mdogo wa karatasi, akamsimamisha chini ya roketi. "Bila mtu, hili ni kopo tu," alisema. "Nani atajua ukubwa wake?" Roketi ilihesabiwa kuwa imekwisha pale tu yule mtu aliposimama. Na ole wako uguse mapema! "Subiri gundi ikauke," alisema. Maneno hayo alimwambia hata binti yake, alipoletewa mchumba wa wiki mbili.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka, na madaktari wakasema ugonjwa huo utatulizwa tu, hautapona. Aliacha kazi. Sebuleni ilibaki roketi yake kubwa kuliko zote, ya mita mbili na sentimita thelathini, ikiwa nusu. Miaka mitatu hakuigusa wala kuitazama. Siku moja alilia mbele ya mumewe. "Nikiiacha hivi, itakuwa kama sikuwahi kuanza." Kisha akamkabidhi mkasi.

Jamani, kaka yetu! Aliharibu karatasi kumi na moja wiki ya kwanza. "Fundi, hiyo si mbao!" sauti ilisikika hadi kwa jirani. Marehemu alikaa kwenye kiti akiamuru, mume akikata, na wote wawili wakicheka. Miezi kumi na minne walikwenda hivyo. Mwezi Mei mwaka huu walijaribu kuisimamisha, na haikusimama. Dari ilikuwa ya mita mbili na robo.

Mume aliweka mikono kiunoni. "Mama, roketi hii itaingia nyumba ya nani?"

Marehemu alicheka mpaka mkongojo ukamponyoka. Fundi akapanda ngazi, akatoboa dari.

Akabaki yule mtu. Marehemu alisema atamkata mwenyewe, mikono ikitulia kidogo. Haikutulia. Aliugua kifua mwanzoni mwa Juni, na Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa mbili asubuhi, alituaga nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, wifi mmoja mwenye mdomo, na roketi thelathini na moja. Hiyo ya mwisho hatukuweza kuileta hapa, kwani kichwa chake kiko darini.

Jana alasiri mumewe aliketi peke yake mezani na mkasi. Alijua urefu wa mkewe, akaugawanya kwa arobaini na nane, kipimo cha roketi hiyo, kama alivyofundishwa: milimita thelathini na tatu. Alikata mara moja tu, bila kuharibu. Ni mwanamke mwenye miwani shingoni, na kingo zake zote zimepakwa rangi. Amesimama chini ya roketi yake, na sasa imekwisha.

Mkirudi nyumbani baada ya maziko, karibuni sebuleni mmtazame. Lakini tafadhali, mtu asimguse. Gundi haijakauka.

Wifi, pumzika kwa amani, na mikono yako itulie.