Simu Saba Ndani ya Kitenge

Boti ilipotoka Baraka, ziwa lilikuwa limetulia hata milima ya ng'ambo ikaonekana kuelea. Mbele yangu mwalimu mmoja alimwambia muuza samaki wadogo wa ndagala, ambaye boti nzima humwita Mama Félicité, "Redio inasema usafiri na mawasiliano ni fungu kubwa ya mali ya inchi."

Mama alifungua kitenge chenye simu saba. "Kwetu rezo haiko, ujumbe hauingie mu simu. Kila siku ya soko ninapeleka simu za bantu Baraka, ninabarudishia habari. Na mi niko mu hiyo fungu?"

"Uko na biro, mama, ofisi ya kazi?"

"Niko na kichwa, mwalimu."

"Basi habakukuhesabu."

Nimesomea uchumi miaka mitano. Nilizihesabu zile simu upya.

"Hii ni ya Mama Mugwaneza," Mama Félicité aliendelea, akigusa simu moja. "Mutoto wake alienda Kalemie. Mwezi muzima, kimya."

"Na leo?" mwalimu aliuliza.

"Nitaambia mama yake kwanza, hapana we."

Mwalimu alikuwa bado akieleza namna serikali inavyohesabu pale injini iliponyamaza. Ufuoni mwanamke mmoja alikwisha kuingia majini hadi magotini. Félicité alisimama, akainua simu moja juu.

"Alifika muzima," alisema, kabla boti haijagusa mchanga.