Jibu la Saba Bila Swali Lake

Wewe unayebinua mdomo hapo, ubinue mpaka ukufike sikioni. Haya yalitokea, na asiyeamini anyamaze wenzake wasikie. Ilikuwa Anomabu, mji wa pwani ya Ghana, Alhamisi jioni, kwenye benchi la nje ya kibanda cha Maame Aba Esuon, muuza kahawa ya maziwa ya kopo na mkate. Jumapili ilikuwa siku ya kipaimara. Gauni jeupe la mjukuu wake, Araba, lilining'inia nyuma ya mlango, na kila upepo ulipopita lilimpapasa Aba mgongoni kama mtu anayedai jibu. Maana wiki iliyopita mchungaji mgeni aliwapima vijana. Aliwauliza, “Kwa nini mnataka kuwa washirika wa kanisa hili?” Wote wakaimba kwa sauti moja jibu la saba la katekisimu, lile la Musa kupokea amri. Araba peke yake akasema, “Sijui.” Mchungaji akasema atawauliza tena darasani Alhamisi hii jioni, asiye na neno lake mwenyewe atangoja mwaka mwingine.

— Kosa si langu, alisema Mwalimu Kinanda, anayewafundisha vijana katekisimu. Mimi nataja namba, wao wanataja jibu. Miaka yote ndivyo. Nani anauliza bila namba?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Pancha, mziba matairi. Huyu kaja, tunaumwa wote.

— Lakini wenzake walau walisema Musa. Wako kasema hajui, Maame Aba, alisema Kinanda.

— Ni simu hiyo, alisema Pancha. Inanyonya ubongo kupitia sikioni.

— Sikio gani! Huyo alikuwa Nusu Askofu, anayejiita mzee wa kanisa bila kuchaguliwa na mtu. Ni lile kanisa jipya ng'ambo ya daraja, lenye spika. Wamemnywesha maji ya baraka. Ukiyanywa, unasahau Umethodisti wote, hata sadaka.

— Wewe hujayanywa, mbona sadaka umeisahau? alisema Pancha.

Benchi likaangua kicheko. Aba hakucheka. Alikuwa anasugua kikombe kilichokwisha kung'aa zamani.

— Ndugu zangu wanakuja kutoka Takoradi, alisema. Nisimame mbele yao niseme nini? Na nikifa kabla ya huo mwaka mwingine, nani wa nyumba yangu atakaribia meza ya Bwana?

— Hufi leo, Maame, alisema Pancha.

— Kwani wewe ndiye unayegawa siku?

— Maji ukiyavulia nguo, yaoge, alisema Kinanda. Gauni limeshashonwa, aoge tu. Mimi nitakaa kwenye kinanda. Nikibonyeza sauti nene, ajibu la tano. Nyembamba, la kumi.

— Na akipita mbu akilia nyembamba? aliuliza Pancha.

— Mnacheza, alinong'ona Nusu Askofu. Huyo ana pepo wa mto. Wapo wasiopenda kabisa nguo nyeupe.

Araba akatoka ndani, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa amesikia yote.

— Wajomba, nyinyi siku yenu ya kipaimara mliahidi nini?

— Tuliahidi... Pancha akajikuna kidevu. Kulikuwa na kuku. Kuku mzima, wangu peke yangu.

— Mimi viatu vilinibana, alisema Nusu Askofu.

— Mwalimu?

— Taja namba, mwanangu.

— Ningekuwa na namba nisingeuliza.

Araba akamgeukia bibi yake.

— Na wewe, Nana?

Aba aliitafuta ahadi yake. Nyimbo alikuwa nazo, hata zile anazozianzisha katikati ya mahubiri, mchungaji akanyamaza na kanisa zima likaitikia. Ahadi yenyewe hakuiona. Aliona kola ya gauni la siku ile, yenye wanga, ikimkwaruza shingo, na mama yake akimpungia mkono.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Imekwishaje? Birika si hilo linachemka!

— Nimesema imekwisha.

Akazima jiko, akajitanda kitambaa chake, akamtupia Araba taulo.

— Futa mikono. Tunakwenda darasani.

— Wewe? Ukae na sisi watoto?

— Nitakaa mbele. Mchungaji akiniuliza, nitamwambia sijui. Atungojeshe wote wawili, au atufundishe.

— Na kahawa yetu, Maame? Tumeshalipa!

Aba akatoka, akaufunga mlango, gauni na birika vikabaki ndani.