Fomu ya Umeme Imerudi Tena

Benchi lile limeegemea ukuta wa zahanati, penye kivuli cha asubuhi, na wanaolikalia hawabadiliki. Yupo Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Yupo Wakili, ambaye hakusomea sheria ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi. Na yupo Fundi Waya, fundi wa umeme katika kisiwa kisicho na umeme. Siku hiyo Fundi alikuja na bahasha mkononi, akapokea kahawa yake asiinywe. Ombi lao la ruzuku ya serikali, la kuweka mitambo ya umeme wa jua, lilikuwa limerudishwa mara ya tatu.

— Safari hii wamesemaje? Redio akauliza.

— “Halijakamilika.” Basi.

— Mihuri hiyo, Wakili akasema. Serikali haisomi maneno, inasoma mihuri. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Mihuri ipo minne.

— Basi imezidi. Wamedhani umeghushi.

— Wapi, Redio akadakia. Nasikia bahasha zenyewe hata hawazifungui. Yuko mtu kule anazipima kwa kiganja, nyepesi inarudi.

— Ina kurasa ishirini, Redio.

— Basi kisiwa hakimo kwenye ramani yao. Utapewaje umeme wa mahali pasipokuwepo?

Wakili akatikisa kichwa.

— Shida ni jua lenyewe. Jua ni la nani? Lina hati? Haba na haba hujaza kibaba: leo watarudisha fomu, kesho watakudai hati ya jua.

Fundi hakucheka. Alikuwa akimwaza mpwa wake. Jokofu la zahanati, lile la mafuta ya taa, lilipozima, chanjo zote ziliharibika, na surua ikaingia kisiwani. Mpwa huyo, binti wa watu, alivuka maji na mwanawe mgongoni kutafuta hospitali, akarudi mgongo mtupu. Fundi alianza kuiandika ile fomu wiki ya matanga, na kila alipofika kwenye neno “chanjo” kalamu ilimwia nzito.

Mlango wa zahanati ukafunguka, akatoka nesi mpya aliyeripoti kazini juzi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Akaomba kuiona fomu. Akafunua taratibu mpaka ukurasa wa sita, akaweka kidole penye nafasi iliyoachwa wazi.

— Baba, hapa wameuliza idadi ya kaya na watu. Tuko wangapi?

Redio akamgeukia Wakili. Wakili akainamia kikombe. Fundi alikuwa ameiruka nafasi hiyo mara zote tatu, akidhani takwimu ni kazi ya watu wa ofisini.

— Wengi, Wakili akasema.

— Wengi wangapi, baba?

 Fundi akaweka kikombe chini, akachukua fomu, akaazima kalamu ya nesi, akavuka njia. Wenzake wakamfuata. Alibisha hodi kwenye nyumba iliyotazamana na benchi, nyumba waliyoitazama miaka yote.

Aliyefungua ni mama mjamzito, mikono ina povu la sabuni. Fundi akamweleza.

— Tuko saba, mama akasema. Kisha akashika tumbo. Na huyu je? Mnamwandika, au mnasubiri kwanza tuone?

Wakili na Redio wakatazamana. Fundi akashusha kalamu kwenye karatasi.

Akaandika nane.