Aya ya Watoto katika Historia ya Dada Yangu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa karakana ya sare mliokuja mkiwa bado na nyuzi mabegani, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu na ndugu yake pekee wa tumbo moja, kusoma historia ya maisha yake, ambayo iliandikwa juzi na kamati ya mazishi na kuchapwa kwenye mashine yangu mwenyewe, na nitaisoma kama ilivyo hadi pale nitakaposhindwa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika zahanati ya kambi ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi reli na mkewe muuza maziwa, mimi nikamfuata miaka minne baadaye na kumkuta tayari ana kauli ndani ya nyumba, kwani mama alikuwa akisema huyu binti alizaliwa mtu mzima, kilichobaki ilikuwa kurefuka tu. Alianza shule ya msingi mwaka 1976 na kuimaliza mwaka 1982 akiwa wa tatu darasani, akachaguliwa kwenda sekondari, lakini Februari 1983 baba alifariki kazini, mama akawa anatoka alfajiri na kurudi jua likizama, na dada akabaki nyumbani kunilea mimi, akisema shule haina miguu, haitakimbia. Ilikimbia, na ilipofika mwaka 1986 akajiunga na chuo cha ushonaji.

Tarehe 11 Januari 1988 aliajiriwa katika karakana ya sare za shule iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, akaanza na vifungo, akahamia kwenye pindo, na mwaka 1997 akawa mkataji mkuu, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomtoa. Wenzake mtanishuhudia kwamba mtoto akiingia pale mlangoni, kabla hajamaliza shikamoo, dada alikuwa ameshatamka kifua, mkono na urefu, na futi ilipitishwa mwilini ili kumridhisha mzazi tu.

Alifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1995 na shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, fundi wa mizani, mtu mpole anayepima maneno kama anavyopima mawe yake. Kadi za harusi nilizichapa mimi, ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, nikazizungushia fremu ya mawaridi ambayo kona yake moja ilikuwa imekatika, na nilipomwomba dada radhi alicheka akasema acha tu, hata ndoa yenyewe haitakuwa na kona zote.

Katika ndoa yao, kamati imeandika, hawakujaaliwa kupata mtoto. Hapa, ndugu zangu, naiweka karatasi chini, kwa sababu sentensi hiyo si ya kweli, na aliyeukalia ukweli wake kwa miaka kumi na sita ni mimi.

Mimba tatu zilitoka, ya mwisho mwaka 2001, na tarehe 9 Juni 2003 dada na shemeji walipeleka ombi la kuasili mtoto katika ofisi ya ustawi wa jamii, wakapimwa, wakahojiwa, nyumba yao ikakaguliwa hadi chooni, mimi nikaandikwa kuwa mdhamini wao, na Agosti 2004 wakakubaliwa na kuambiwa wasubiri zamu yao. Dada alikuwa mtu wa kusubiri, mimi sikuwa, nikaona mwaka unakatika na mwingine unakatika, nikajiambia mficha uchi hazai, kinachomkwamisha huyu ni kukaa kimya. Basi Novemba 2006, bila kumwambia yeye wala mumewe, nikachapa matangazo sitini kwenye karatasi ya njano, yaliyosema kwamba mume na mke wenye kazi na nyumba wanatafuta mtoto wa kumfanya wao, mzazi aliyezidiwa apige namba hii, siri itatunzwa, nikaweka namba ya dada, nikayapamba kwa ile fremu ya mawaridi ili yapendeze, nikayabandika kwenye geti la zahanati, sokoni na kituoni. Nilikusudia kumshangaza kwa furaha.

Sheria inakataza jambo hilo, inakataza kutangaza kwamba mtu anataka kuasili mtoto, na inakataza vilevile kutangaza kwamba mtoto yupo anatafutiwa wazazi, na wala siwezi kusema sikuambiwa, kwa sababu katazo hilo limeandikwa katika kanuni za leseni yangu ya uchapaji, ukurasa wa pili, nami sikuwahi kufika ukurasa wa pili. Walipiga simu watu wawili tu, dada akawajibu kwamba wamekosea namba, mvua ikayafuta yale matangazo, nami nikayasahau.

Mtoto alikuja kwa njia iliyonyooka, zamu yao ilipofika, tarehe 2 Februari 2008, msichana wa miezi minane kutoka makao ya watoto, akakabidhiwa kwao kwa malezi ya majaribio hadi mahakama itoe amri. Dada akamkatia gauni la kwanza likawa kubwa mno, jicho lake lilimdanganya kwa mara ya kwanza maishani. Shemeji, aliyekuwa hacheki ovyo, akawa kila Jumamosi anambeba hadi karakana kwake na kumweka kwenye mizani ya duka la nafaka iliyoletwa kutengenezwa, kisha anaandika uzito kwa chaki nyuma ya mlango, na tarehe 30 Julai mtoto akatembea hatua nne kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nilikuwepo, niliziona hatua hizo.

Mapema Septemba, afisa ustawi aliyekuwa anaandaa ripoti ya mwisho aliingia kwenye kibanda cha fotokopi kituoni kutoa nakala za faili, akakuta kwenye ubao wa ndani, mahali ambapo mvua haikufika, tangazo la njano lenye namba ileile ya simu iliyokuwa kwenye faili mkononi mwake. Tarehe 12 Septemba alituita ofisini, dada na mimi mdhamini, shemeji alikuwa safarini kukagua mizani, akaliweka lile tangazo mezani na kuuliza nani amelitoa. Dada aliitazama ile fremu yenye kona iliyokatika, akanitazama kucha zangu zilizojaa wino, halafu akasema, "Ni mimi." Afisa hakufoka, alisema kwa masikitiko kwamba kinachoanza na bango huishia na bei, na kwamba wiki ileile alikuwa amemtoa kichanga mikononi mwa mtu aliyempata kwa tangazo la namna hiyo. Tulipotoka nje nikafungua mdomo, dada akaniwahi, "Wewe una watoto wanne na mashine ya mkopo. Mimi kukosa nimeshazoea."

Kama habari ingeishia hapo ningesema yeye ndiye aliyeamua. Tarehe 19 Septemba 2008, shemeji akiwa bado safarini, katika chumba namba mbili cha mahakama, hakimu alieleza taratibu kabisa, kama mwalimu anayemtakia mwanafunzi afaulu, kwamba kosa ni la aliyetangaza, na kwamba kama tangazo lilitolewa na mtu mwingine bila waombaji kujua, ombi lao lingeweza kuendelea, kisha akauliza kama kuna yeyote mwenye la kusema, akauliza tena. Nilikuwa benchi la tatu. Dada aligeuka akanitazama, hakunipa ishara, hakunisihi, alinitazama tu kama mtu anayemsubiri mwenzake avuke barabara, nami nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Akageukia mbele akarudia kwamba ni yeye, akapewa kifungo cha nje cha miezi sita, ombi likafutwa, na saa tisa alasiri gari likaja kumchukua mtoto, aliyekuwa amekaa kwao miezi saba na siku kumi na saba.

Shemeji aliporudi safarini dada alimwambia yeye pia kwamba ni yeye, na shemeji, ambaye hakuwahi kumpiga wala kumtukana, alihamishia kitanda chake chumba cha mbele. Mtaani wakampa dada jina la Mama Tangazo, na baadhi yenu mmeliita jana mkipanga viti. Jina hilo ni langu, naomba mniite mimi, mbele ya watoto wangu.

Karakana mnajua kwamba kila Januari alikuwa akikata gauni moja la shule lisilo na oda, kubwa kidogo kuliko la mwaka uliotangulia, na kulipeleka shule yoyote apewe mtoto litakayemtosha, na hamkumuuliza, Mungu awabariki kwa kutouliza. Mnajua pia kwamba kila alipoona ukutani tangazo la mtoto alilibandua na kulipeleka ofisi ya ustawi kwa mkono wake, akisema mtoto si kiwanja hata abandikwe ukutani, kwani hakuwahi kuilaumu sheria hata siku moja, na asiyeilaumu sheria mnaelewa lawama anamwachia nani.

Februari mwaka huu wa 2024 alianza kulalamika tumbo, Aprili hospitali ya rufaa ikathibitisha saratani, akafanyiwa upasuaji tarehe 6 Mei, akapata nafuu, akarudi kuzidiwa Septemba. Nilikwenda wodini nikiwa nimejipanga kumwomba msamaha, nikaanza kulia kabla sijasema neno, akaniambia, "Nyamaza bwana, mgonjwa hapa ni mimi." Nilipoendelea, akasema kwamba hayo aliyajua tangu ofisini, nikawaambie wasioyajua. Alifariki tarehe 28 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, shemeji akiwa ametoka kumchotea maji.

Marehemu ameacha mume mmoja, mdogo wake mmoja, na binti mmoja wa miaka kumi na saba, ambaye faili lake limefungwa, ambaye sheria inanikataza kumtafuta kwa tangazo lolote, hata la kifo, na safari hii nimeitii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, majirani waliopokezana kupika, wafanyakazi wenzake waliofunga karakana leo, na afisa ustawi, ambaye sasa amestaafu, nimemwona safu ya nyuma, mama, ulifanya kazi yako.

Wa mwisho ni shemeji, ambaye habari hii ameisikia sasa hivi pamoja nanyi, na ambaye sijathubutu kumtazama tangu nilipofika kwenye aya ya watoto. Shemeji, mkeo hakukuficha tangazo, alinificha mimi, na ile miaka yote ya chumba cha mbele niliichukua mimi, nilikuwa nakuja kwenu Jumapili, nakula, naondoka. Tukifika kaburini nitasimama utakaponiambia nisimame, na ukiniambia nirudi nyumbani nitarudi.

Dada yangu, pumzika kwa amani, nimewaambia.