Mama Fisa Anaipanda Ndege Aliyozoea Kuipokea

Ijumaa hii Mama Fisa Tagelagi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya wageni ya ofisi yetu ya utalii hapa Alofi, na kwa ndege ya siku hiyohiyo anaondoka kisiwani kwetu Niue pamoja na mumewe, mzee Sifa. Kwa desturi wasifu wa namna hii husema mstaafu anakwenda kupumzika. Mama Fisa haendi kupumzika, na muda wake wa kustaafu ulikuwa bado. Figo za Sifa zimeshindwa kazi, mashine ya kusafishia damu haipo kisiwani, na daktari amewaambia waziwazi kwamba maisha yake sasa yako Auckland, karibu na hospitali. Tumeagizwa tuandike kwa uchangamfu. Tutajitahidi, lakini tusidanganyane: tumenuna.

Alianza akiwa msichana wa kufagia ukumbi wa uwanja wa ndege. Siku moja mgeni alimuuliza ni wapi anaweza kuogelea bila kuumia, akauweka ufagio chini, akaeleza mpaka abiria wote wakaisha ukumbini na takataka zao zikabaki. Mkuu wa ofisi wa wakati ule aliona ni heri ampe meza kuliko kumpoteza mfagiaji kila ndege inapotua.

Tangu hapo mgeni wa mara ya kwanza hakutoka mikononi mwake bila mawaidha. Vaa viatu vya kukanyagia mwamba, maana mwamba wetu hauna huruma na nyayo. Uwe na fedha taslimu, kadi hugoma. Jumapili usiguse mtumbwi wala ndoana. Ukisikia nyimbo kanisani ingia, ukitoka utalishwa. Nyangumi akikusogelea shukuru, usimfuate. Na makaburi yaliyo mbele ya nyumba zetu si viti. Alimkuta kijana mmoja amekalia kaburi akifunga kamba za viatu, akamwambia, "Huyo unayemkalia ni mama mkwe wangu, na hata alipokuwa hai hakupenda kuzoewa." Kijana aliruka, akaliomba kaburi radhi kwa kuinamisha kichwa. "Basi, amekusamehe," Mama Fisa akamwambia. "Una bahati. Mimi hajanisamehe mpaka leo."

Ushauri alioupenda kuliko wote ulikuwa wa kupunga mkono. Hapa kwetu kila unayepishana naye barabarani unampungia, na asiyepunga huulizwa na jamaa zake amekasirishwa na nani. Kwa hiyo aliwaambia wageni wampungie kila mtu, nao wakatii. Ndipo yakatokea ya Glenys, mwalimu kutoka Dunedin. Aliteguka kifundo cha mguu kwenye njia ya korongo, upande wa kijiji cha Hakupu, akajikokota mpaka barabarani, akaanza kuomba msaada kwa mkono. Gari la kwanza likampungia, likapita. La pili likampungia na kumpigia honi. La tatu lilikuwa la Mama Fisa mwenyewe, akitoka shambani na magimbi yake, naye alipunga kwa furaha kuwashinda wote, akijisemea kwamba huyu mgeni kafundishika.

Alifika nyumbani, akaanza kumenya magimbi, na gimbi la pili halijaisha akakumbuka kwamba yule mwanamke alikuwa ameketi chini. Alirudi mbio na kisu bado mkononi. Glenys alimtazama yeye, akakitazama kisu, akasema, "Mama, kama unakuja kunimaliza, afadhali ungenipungia tena ukapita." Alikaa nyumbani kwa Mama Fisa mpaka mguu ukapona, na tangu mwaka ule ushauri wa ofisi yetu ukarekebishwa: mkono mmoja ni salamu, mikono miwili ni taabu, simamisha gari.

Tulimtania kwa hilo miaka yote, mpaka mwaka huu. Siku majibu ya Sifa yalipotoka, alikaa mezani chai ikapoa mbele yake. Kisha akatuambia, "Kila jioni alikuwa ananiambia, Fisa, nimechoka. Nami namjibu, nani hajachoka? Jamani, hata mume wangu nilimpungia mkono nikapita." Moka wa dirisha la pili alimwambia asijilaumu, ugonjwa wa figo hujificha hata kwa madaktari. Akajibu, "Madaktari hawalali naye kitanda kimoja." Hatujamtania tena.

Sifa alimsihi abaki amalizie miaka yake ya kazi, yeye atakwenda kukaa kwa binti yao, Hina. "Acha ujinga, mzee," Mama Fisa akasema. "Huko Auckland utamsalimia nani?" Basi mjadala ukafungwa. Hina naye amekuwa akipiga simu kila siku kumpa mawaidha: alete nguo nzito, asimsimamishe kila mtu njiani kumuuliza ni wa ukoo gani. Mama Fisa alikata simu akiwaka: "Mtoto ananifundisha mimi mambo ya safari! Mimi!" Kisha akapiga tena, kwa sauti ya chini, kuuliza soksi za sufu zinauzwa wapi.

Nyumba yao ya Hakupu itafungwa. Kila kijiji chetu kina nyumba za namna hiyo, zimemezwa na majani mpaka madirishani, na wenyewe wako ng'ambo wanasema watarudi mwakani. Meza yake nayo imetangazwa na hajaomba mtu. Vijana walioiweza kazi ile wameondoka mmoja mmoja, na ni yeye aliyekuwa akiwasindikiza uwanjani. Inatuuma, na hatuoni sababu ya kuificha.

Mama Fisa, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba mgeni akiumia kwetu aibu ni yetu, na umewarudisha salama kwao watu wengi wasiojua walivyokuwa karibu na hatari. Mtunze Sifa, ujitunze na wewe. Tunawatakia afya, blanketi nzito na maisha mema huko muendako. Kwenye keki ya leo tulipanga kuandika yale maneno uliyotuzoesha kumwambia kila anayeondoka kisiwani: karibu tena. Moka alikuwa amekwisha kuchanganya sukari ya rangi. Akainama kuandika, akasimama, akasema hawezi, mwenyeji hakaribishwi kwake. Kwa hiyo ukiiona keki ina jina lako tu, usidhani tulisahau.