Hapa Hakuna Mkazi

Benchi la Birika limeegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani, uso kwa uso na ukumbi wa halmashauri ya mji. Kati yavyo ni barabara tu, tena nyembamba, kiasi kwamba madiwani wakifungua madirisha, harufu ya kahawa inawafikia wao, na mkoromo wa kipaza sauti chao unalifikia benchi. Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali. Juu yake ndipo mambo yote ya mji huamuliwa kila asubuhi, kisha watu huenda zao kazini na mji ukabaki vilevile. Birika, mama mwenye kahawa, haupendi ubishi. Anapenda tu usiishe, maana koo kavu ndiyo biashara yake.

Asubuhi hiyo Gundi, fundi viatu, alitokea amevaa shati lake la harusi. Harusi yake mwenyewe, ya enzi zile alipokuwa mwembamba. Sasa kifungo cha tumboni kilijishikilia kama mtu anayening'inia darini. Hakuja kukaa. Alikuwa anakwenda ukumbini. Mbele ya nyumba yake upo mtaro wa halmashauri usio na mfuniko, na mwezi uliopita mama mkwe wake, aliyekuja kusalimia kwa siku mbili, alitumbukia humo akavunjika mguu. Sasa yuko chumbani mwa Gundi na plasta hadi gotini, ameapa haondoki mpaka mtaro ufunikwe, na Gundi analala jikoni, kisogo kwenye masufuria. Leo ilikuwa siku ya wakazi kutoa maoni kabla bajeti haijapitishwa. Ikifika saa sita mlango unafungwa hadi mwakani. Mkewe alimsindikiza kwa maneno machache: "Kauseme mtaro wetu. Usipousema, hilo jiko lizoee."

— Nipe kimoja tu, Birika, cha kulainisha sauti, — alisema Gundi akiwa amesimama. — Naingia humo sasa hivi.

— Uingie wapi na tumbo hilo? — Dobi alimpima juu mpaka chini. Dobi hufua na kupiga pasi nguo za nusu ya madiwani, kwa hiyo huamini kwamba yeye ni nusu ya baraza. — Kaa kwanza, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka.

— Nina mama mkwe nyumbani, Dobi. Baraka zote zimehamia chumbani kwangu.

— Ndiyo nakwambia ukae. Unajua bajeti inavyoamuliwa? Hujui. Utaingia mikono mitupu, utoke mikono mitupu, tena umelowa jasho.

Gundi akakaa. Ukingoni tu, tako moja, kama mtu anayeondoka. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Tako la pili lilifuata lenyewe.

— Mimi bajeti naisoma kwenye kola, — Dobi akaanza. — Shati halisemi uongo. Kola ikija nyeusi, ujue mheshimiwa alikaa kikaoni akakuna shingo, akafikiri. Ikija safi, alisinzia. Sasa yale mapazia mazito ya ukumbini, unadhani yalitoka wapi? Mashati yalikuwa yanapauka bega moja! La dirishani! Nikawaambia, waheshimiwa, jua linawala. Haikupita wiki, fungu la mapazia likapatikana.

— Kumbe mapazia umeyaleta wewe! Mimi nalia mfuniko, wewe unavalisha madirisha?

— Nilitoa ushauri wa kitaalamu.

— Uongo mtupu! — alinguruma Kamanda, mzee aliyelinda geti la ukumbi ule mpaka akastaafu, na ambaye mpaka leo gari lolote likipita anapiga saluti. — Bajeti haiamuliwi, bwana. Bajeti inarithiwa! Wanachukua ya mwaka jana, wanabadilisha mwaka, wanaongeza kidogo juu, wanakunywa chai. Ule mti pale mzungukoni si ulikauka? Mti umekufa, mmwagiliaji amestaafu, ndoo imeibwa, lakini fedha za kuumwagilia zipo palepale!

— Basi mtaro wangu, kama mwaka jana haukuwemo, utaingiaje?

— Hauingii. Mkweo alitakiwa avunjike mguu mapema.

— Hakunipa taarifa, Kamanda.

— Ndio wakwe hao.

Gundi alivuta pumzi, kifungo kikalia. Alijaribu kuongea kama mtu mwenye akili timamu, jambo ambalo benchi lile halijawahi kulizoea.

— Lakini wazee wangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata madiwani si wanaujua usemi huo?

— Wanaujua kuliko wewe! — Kamanda akapiga paja. — Ndiyo maana hawazibi. Ufa una nini? Ufa hauna tenda. Ukuta una tenda, una mkandarasi, una kukata utepe. Wewe umewahi kuona utepe wa ufa ukikatwa? Vumilia mtaro wako uwe korongo, watakujengea daraja.

— Na mama mkwe je?

— Atakuwa mgeni rasmi.

Ng'ambo ya barabara mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kabisa. Gundi aliona mpaka ndani: meza ndefu, madiwani wamejipanga nyuma yake, na mbele yao viti vya wananchi, safu kwa safu, vitupu kama mdomo wa mtoto mchanga. Akasimama. Dobi akamkamata mkono wa shati.

— Niachie! Nipeni neno moja la maana la kuwaambia, niondoke.

— La kwanza, — alisema Dobi, — usisimame wima. Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila ninayemsikia amesimama wima mbele ya baraza amekosa. Wewe ongea umeinama.

— Nikiinama kifungo kinakatika.

— Basi omba cha juu. Omba taa.

— Taa ya nini?

— Mama mkwe awe anauona mtaro usiku.

— Alitumbukia saa nne asubuhi!

— Jua kali je? Si linaumiza macho?

Gundi akaketi tena, safari hii kwa kuanguka. Birika akammiminia kikombe kingine bila kuulizwa.

— Ninyi wanaume mnazunguka mbuyu, — alisema. — Ni feni.

— Feni gani?

— Ile ya darini ukumbini. Mimi nimekaa hapa natazama dirishani kila kikao. Maombi ya mitaa yote yanawekwa mezani. Feni inawashwa. Yanaruka! Yanayobaki mezani yanajadiliwa, yaliyoanguka yanafagiliwa jioni. Ile shule ilipata rangi kwa nini? Ombi lao lilikuwa chini ya birika langu. Siku hiyo waliagiza kahawa.

— Na kwa nini wasiitengeneze hiyo feni ipunguze kasi? — aliuliza Gundi, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza.

— Fungu la kuitengeneza liliombwa. Feni ikalipeperusha.

Benchi zima likainamisha vichwa kwa heshima. Hata Kamanda alivua kofia. Lakini kofia ya Kamanda haikai mkononi muda mrefu.

— Sasa swali ni hili, — alinong'ona. — Hiyo feni inawashwa na nani? Kuna mtu swichini.

— Mtu gani?

— Hajulikani! Miaka yote niliyolinda geti sikumwona akiingia, sikumwona akitoka. Maana yake nini? Hajawahi kutoka. Yumo!

— Na mimi sijawahi kumfulia! — Dobi macho yalimtoka. — Mtu hana kola! Jamani, mtu asiye na kola ndiye mwenye mji!

— Akiiweka feni namba moja, — aliendelea Kamanda, — mnapata taa. Akiweka mbili, mnapata ahadi. Akiweka tatu, mtaro umepeperuka.

— Ndiyo maana diwani wetu ana mafua!

— JAMANI! — Gundi alipiga kelele mpaka kahawa ikamwagikia gotini. — Mimi nataka mfuniko! Hamjui mfuniko? Kipande cha zege! Kitu bapa kinachokaa juu ya shimo ili binadamu asiwe ndani yake! Nimelala na masufuria mwezi mzima, nikigeuka tu nyumba nzima inaamka, mama mkwe anauliza kama kuna mwizi, nasema hapana mama, ni mimi mkweo! Mtu swichini mimi simtaki!

— Tulia, kaka, — Dobi alimpapasa mgongo. — Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo kaa hapahapa, uwepo.

Gundi alikuwa anatafuta kitu cha kumrushia pale mama mmoja alipotoka mlangoni mwa ukumbi, amevaa sare ya halmashauri, karatasi mkononi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuka barabara moja kwa moja hadi benchini.

— Habari zenu. Samahani, hapa kuna mkazi yeyote wa mtaa huu?

Ieleweke: katika historia ya benchi hilo, sare na karatasi havijawahi kuvuka barabara pamoja isipokuwa kwa ushuru. Birika hana kibali cha jiko. Dobi humwaga maji ya sabuni barabarani. Kibanda cha Gundi kimeota kando ya mtaro wa kwao kama uyoga. Kwa hiyo hakuna aliyefikiri; mwili ulijua kazi yake. Birika alikwisha kulivuta jiko nyuma ya sketi.

— Mkazi? — Dobi alishangaa kama aliyeulizwa habari za twiga. — Hapa hakuna mkazi hata mmoja, dada yangu. Mimi nimeshuka garini sasa hivi, nasubiri jingine.

— Mimi nimekuja hospitali, — alisema Kamanda, akakohoa kwa ushahidi.

— Kahawa si yangu, — alisema Birika. — Nimeikuta.

Mdomo wa Gundi ulijibu kabla kichwa hakijapata habari.

— Mimi nimekuja harusini.

Yule mama akalitazama shati, akaamini.

— Hata mmoja tu?

— Hata wa dawa! — wakajibu wote kwa sauti moja, kitu ambacho hakijawahi kutokea benchini pale tangu liwekwe tofali.

— Haya. Asanteni, wageni wetu.

Akarudi alikotoka. Dobi akaachia kicheko.

— Mmeona? Umoja ni nguvu! Amekuja na karatasi, ameondoka na karatasi!

— Sijakohoa hivyo tangu nistaafu, — alijisifu Kamanda.

Gundi peke yake hakucheka. Kitu kilikuwa kinapanda polepole kutoka tumboni, kikapita kwenye kifungo, kikafika kichwani.

— Mbona... mbona hakutaja ushuru?

Kipaza sauti cha ukumbini kikakoroma, kisha kikapata lugha:

"...baraza limemtuma karani mpaka nje kutafuta mkazi mwenye maoni. Hakupatikana hata mmoja. Kwa hiyo tunachukulia kwamba wakazi wameridhika. Bajeti imepita."

Yakafuata makofi. Gundi aliruka, akavuka barabara bila kutazama, akafika ngazini wakati mlango unajifunga. Akaugonga kwa viganja viwili.

— Usijisumbue! — Kamanda alimpigia kelele kutoka benchini, kwa fahari ya mtu wa kazi. — Mlango ule ukifungwa umefungwa! Mimi mwenyewe nimewafungia wengi!

Gundi alirudi akiburuza miguu. Hakuwa na nguvu hata ya kumtukana mtu. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi aliposikia magurudumu yakilia, na mkokoteni wa muuza maji ukakata kona. Juu yake, badala ya madumu, alikuwa amekaa mama mkwe, mguu wa plasta umetangulia mbele kama mzinga, kilemba kipya kichwani.

— Mama! — Gundi alisimama wima kama askari. — Shikamoo mama! Umeuvukaje mtaro?

— Marahaba, baba. Majirani wameng'oa mlango wa kibanda chako wakaulaza juu, nikapita kama bibi harusi. — Mama mkwe alikuwa anang'aa. Hakuwahi kumwita "baba" tangu amuoe binti yake. — Nikasema mimi siwezi kulala ndani leo, siku mkwe wangu anapoupigania mguu wangu mbele ya wakubwa. Njia nzima nimewatangazia. Hawa ndio rafiki zako? Mlikwenda wote?

Dobi akaanza kusoma kitu ndani ya kikombe chake. Kamanda alipigia saluti gari ambalo halikuwepo.

Mama mkwe akaushusha mguu taratibu, akajiweka sawa mkokotenini, akafumbata mikono mapajani kama mtu anayesubiri hadithi tamu.

— Haya, mkwe wangu, nieleze. Walipouliza nani ana neno, wewe ulisemaje?

Birika aliinua birika lake haraka, angalau mmimino wa kahawa ujibu. Likatoa tone moja, kisha machicha. Gundi akafungua mdomo, akavuta pumzi ndefu ya kuanzia, na kifungo kile kilichovumilia tangu asubuhi kikakatika. Kilianguka chini, kikabingirika mbele ya viatu vyao wote, nao wakakisindikiza kwa macho kwa sababu ilikuwa afadhali kukitazama chenyewe kuliko kumtazama mama, mpaka kikafika ukingo wa barabara na kutumbukia kwenye mtaro wa hapo, ambao nao hauna mfuniko.