Aliyebaki Mwezini

Mto Tana ulipofurika mwaka uliopita uliacha gogo kubwa karibu na kivuko cha Garsen, na wanaume wa mji wakalipokea kama zawadi yao. Hapo ndipo Mohamednoor alipotua jiko lake na dele la kahawa, na hapo ndipo kila alasiri mambo ya dunia yalipoamuliwa. Wiki hiyo dunia walikuwa wameiacha. Gari la sinema la Serikali lilikuwa limepita, likaonyesha roketi ikienda mwezini, kwenye shuka jeupe lililotundikwa katikati ya uwanja wa mnada wa ng'ombe, wanaume wameketi mbele ya shuka na wanawake nyuma yake, maana wazee waliikubali sinema kwa sharti hilo tu. Watu watano walipanda roketi, wanne wakarudi. Wakati wa kurudi chombo kilikuwa kizito mno, kikakataa kuruka. Basi yule kijana mwenye meno meupe aliyekuwa akikiendesha, ambaye wanaume walimwita Jino, akatoka nje kimyakimya, akafunga mlango, akawapungia wenzake mkono, akabaki. Taa ikawashwa. Kombe, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu, alipozunguka shuka kumchukua mkewe alimkuta Kache analia kwa kwikwi, leso imelowa. Tangu saa ile Kombe alikuwa na wivu. Alimwonea wivu mtu wa kwenye kitambaa, tena aliyeachwa mwezini, na kujua kwamba ni upuuzi hakukumpunguzia hata chembe.

— Kulia, Kombe! Kulia! alikemea Dagane.

Kombe akahamisha kikombe kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, kama alivyofanya kila alasiri. Dagane alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na kwa kuwa hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuhukumiwa, kijiwe kilimwita Hakimu.

— Mimi nimeshatoa hukumu yangu, alisema Hakimu. Makosa ni ya yule Kapteni, mkubwa wao. Chombo kimelemewa, na ndani kuna magunia ya mawe. Mawe! Wewe unatoka mwezini unabeba mawe, mtu unamwacha? Sisi tukihama, ngamia akichoka, tunatupa mizigo. Tunatupa hata mikeka ya nyumba. Mtu hatupwi.

— Yale mawe yalikuwa dhahabu, alisema Pekeshe.

Pekeshe aliwahi kufanya kazi Malindi msimu mmoja, na tangu arudi hakuna aliloona Garsen ambalo halikuwa bora zaidi Malindi. Jina lake la kijiweni lilikuwa hilohilo, Malindi.

— Dhahabu umeionaje, na picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe?

— Kule Malindi tumezoea kuangalia sinema, Hakimu. Macho yetu yanaona rangi.

Watu wakacheka. Kombe hakucheka. Alikuwa akitazama kapu la Pekeshe lililokuwa limefungwa tayari kando ya gogo. Pekeshe alikuwa anateremka mto jioni ile kwa mtumbwi wa nduguye, apitie Chara. Kache alikuwa huko Chara kwa mama yake tangu ule ugomvi wa usiku wa sinema, na Kombe alikuwa amempa Pekeshe maneno ya kumpelekea. Yalikuwa maneno mafupi: mwambie abaki huko huko.

— Nikimaliza kahawa naondoka, alisema Pekeshe. Kombe, maneno ni yale yale?

— Ni yale yale.

— Mimi nisingemwacha mke kwa ajili ya sinema.

— Sijamwacha kwa ajili ya sinema. Nimemwacha kwa ajili ya machozi.

Mohamednoor alitikisa dele kusikiliza kilichobaki, akamimina vikombe vingine. Yeye hakuwa na jina la utani wala nadharia. Alikuwa na kahawa, na hilo lilimtosha.

— Lakini Kombe, alisema Hakimu, ulimwambia nini hasa usiku ule?

— Nilimuuliza, unamlilia yule Jino? Akasema ndiyo, namlilia aliyebaki. Anasema hivyo mbele yangu! Hata hakuona haya. Nikamwambia basi mfuate.

— Akajibu nini?

— Alifungua kinywa ajibu, mimi nikamzidi sauti. Asubuhi sikumkuta.

Alilisema neno la mwisho kwa ukali, ili mtu asidhani lilimuuma. Lilimuuma sana. Nyumba ilikuwa imepoa, na sufuria ya ugali alikuwa ameiunguza mara mbili.

— Mimi nitakwambia siri ya yule Jino, alianza Pekeshe, akijivuta karibu. Mlimwona yule binti ndani ya roketi? Alikuwa mchumba wake. Sasa Kapteni naye anamtaka. Jino akaona mambo yenyewe yameharibika. Akafikiri, nikirudi mimi nitakuwa mwanamume mmoja kati ya wanaume. Nikibaki, huyu mwanamke ataolewa na Kapteni, lakini kila mwezi ukichomoza atatoka nje anitazame mimi. Atapika chakula cha Kapteni huku anatazama juu. Kwa hiyo alibaki kwa makusudi. Ujanja mtupu!

— Shetani yule, alisema Kombe kwa sauti ya chini.

Wivu ulimpanda upya. Sasa aliuona mwezi wenyewe kuwa adui, na kila ukichomoza utakuja juu ya Chara, na Kache atakuwa uani anapepeta mpunga.

— Basi hapo pana tatizo la dini, alisema Hakimu. Ramadhani inakaribia. Sisi tutatoka kuutafuta mwezi. Ikiwa mtu amesimama pale kwenye ncha yake, ameuziba, tutafungaje?

— Mtu mmoja haufuniki mwezi, Hakimu.

— Mwezi ukiandama ni mwembamba kama ukucha! Mtu mzima, na ile nguo yake nene kama godoro? Anauziba. Garsen tutafunga kesho, Lamu watafunga leo, ugomvi mtupu. Na yeye mwenyewe, kama akitaka kuswali, ataelekea wapi? Kibla kiko chini ya miguu yake.

— Ataswali kwa kulala kifudifudi, alisema Mohamednoor. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza siku ile.

Kabla Hakimu hajalihukumu, Warsame akadakia. Warsame alikuwa askari zamani, akapigana mbali katika vita vya Wazungu, na kwa sababu hakuzimika akishaanza, aliitwa Redio.

— Wallahi ninyi wote hamjui kitu. Jino hajafa. Mimi iko askari, mimi nimeona kwa macho yangu. Mzungu anatoka kwenye ndege na mwavuli mkubwa mgongoni, anashuka pole pole kama pamba. Jino ana mwavuli. Mliona lile furushi mgongoni? Ndiyo mwavuli huo! Ameruka zamani. Sasa hivi tunavyokunywa kahawa, yeye iko njiani anashuka.

— Anashukia wapi?

— Mahali tambarare. Hawezi kushukia mlimani, atavunjika. Baharini atazama. Nionyesheni nchi tambarare kuliko hii yetu! Kutoka Chewele mpaka hapa huoni hata kichuguu. Jino anakuja kwetu.

— Akishuka ataomba nini kwanza? aliuliza Pekeshe.

— Maziwa. Halafu mke.

Redio akamtazama Kombe, akaona hapaswi kusema alilotaka kusema, akalisema.

— Mimi najiuliza tu. Kwa nini mwanamke aende Chara? Chara ni wazi zaidi. Mtu akishuka na mwavuli, watu wa Chara ndio watamwona kwanza.

Kombe akasimama. Kahawa ikamwagika kwenye mguu wake naye hakuisikia.

— Redio! Nitakutupa mtoni!

— Mimi nauliza tu, ndugu yangu.

— Ninyi nyote mmeingia wazimu kwa huyu mtu! Amefanya nini? Eti amebaki! Chombo kikilemewa, mwenye kukiendesha ndiye wa kushuka. Ni kazi, si sifa. Wakati wa mafuriko mtumbwi wangu ulijaa wanawake na watoto, maji yako ukingoni. Nani alishuka? Mimi! Nikampa ndugu yangu pondo asukume mtumbwi, nikakaa juu ya mkuyu mpaka asubuhi, siafu wananila. Kuna mtu aliyenililia mimi? Niliporudi nyumbani nilipewa uji, nikaambiwa nguo zangu zinanuka matope. Jino anabaki mara moja kwenye shuka, analiliwa mpaka leso inalowa!

Akaketi tena. Alikuwa ameyasema yote, na sasa aliona haya, maana sauti yake ilikuwa imetetemeka mwishoni kama ya mtoto aliyenyimwa. Hakimu alitazama mto. Redio alitazama viatu vyake.

Mwanamke mmoja alikuwa akiteremka kuelekea kivukoni na vibuyu vya maziwa, akasimama karibu nao. Alikuwa Batula, muuza maziwa, jirani wa Kombe, ambaye asubuhi baada ya sinema aliondoka na mifugo ya kaka yake kwenda Chewele, na ndio kwanza anarudi.

— Amani hapa? Nimesikia kelele tangu sokoni. Kombe, nivushe. Na Kache yuko wapi? Nimemletea samli.

— Yuko Chara.

— Mgonjwa?

— Anamlilia Jino, alisema Pekeshe.

— Jino nani?

Wakamweleza, wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake: yule wa roketi, mwenye meno, aliyebaki, ambaye Kache amempenda mpaka nyumba imevunjika. Batula aliwasikiliza huku ametua vibuyu chini. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiuno.

— Yule wa shoto? Lo! Mimi nilikaa na Kache bega kwa bega nyuma ya shuka. Yule mtu alipoanza tu kushika ile fimbo ya kuendeshea roketi, Kache akanipiga kiwiko. Akaniambia, Batula, tazama, anaishika kwa shoto, kama mwenye nyumba yangu anavyoshika pondo. Basi kila akitokea tunacheka, tunasema Kombe huyo, Kombe huyo. Mpaka alipotoka nje akapunga. Akapunga kwa shoto. Hapo Kache hakucheka tena.

— Hapana, dada Batula, alisema Hakimu. Yule si wa shoto. Mimi nilikaa mbele kabisa. Fimbo alishika kwa kulia, na mkono akapunga wa kulia. Sivyo, Redio?

— Kulia. Wallahi kulia.

— Wanawake wote waliona shoto. Waulizeni.

— Wanaume wote tuliona kulia!

Wangeendelea hivyo mpaka magharibi, lakini Mohamednoor alikichukua kile kitambaa chake cheupe cha kushikia dele moto. Kilikuwa na doa la kahawa pembeni. Akakiinua kwa mikono miwili, katikati ya wanaume walioketi na Batula aliyesimama.

— Hakimu, doa liko upande gani?

— Wa kulia. Mimi nalionea kulia kwangu.

— Batula?

— Kwangu mimi liko shoto.

Mohamednoor akakishusha kitambaa, akaendelea na dele lake kama mtu aliyefukuza nzi. Hakimu akaguna: kumbe nyuma ya shuka kulia huwa shoto.

— Basi nami nawauliza ninyi wanaume wenye akili, alisema Batula. Wiki nzima mmekaa juu ya gogo hili. Kache alimwona mtu wa shoto anaendesha chombo, kimelemewa, anashuka, anabaki, anawapungia wenzake. Katika Garsen yote, mtu wa shoto aliyefanya hivyo ni nani?

Macho yao yalishuka pamoja kwenye mkono wa Kombe. Kikombe kilikuwa kimerudi kushoto bila mwenyewe kujua, na Hakimu alikiona, asiseme kulia.

Kombe alijaribu kukumbuka mdomo wa Kache ulipofunguka usiku ule, kabla hajamzidi sauti, na sasa alijua kilichokuwa ndani yake kikitaka kutoka. Wivu wake wote aliokuwa ameulisha na kuulaza naye ulikuwa juu ya nafsi yake mwenyewe. Alijionea huruma, kisha akajiona mjinga, kisha akafurahi kwa namna iliyomtia aibu mbele ya wenzake.

Mohamednoor akaliinamisha dele. Yakadondoka matone ya mwisho na machicha.

— Imekwisha, alisema.

Pekeshe akasimama, akajitwika kapu.

— Haya, naondoka. Kombe, nimwambie nini Kache?

— Usimwambie kitu. Na usinitangulie.

Alikuwa tayari anateremka ukingoni, akijikwaa, samli ya Batula mkononi. Aliusukuma mtumbwi majini, akaruka ndani, akalishika pondo kwa shoto.

— Na mimi nani atanivusha? alipiga kelele Batula.

Kombe hakusikia, au alijifanya hakusikia. Mtumbwi ulikuwa umeshaupata mkondo wa kwenda Chara. Ng'ambo watu walikuwa wanaita kivuko, na kwenye gogo wanaume waliobaki, bila kuambiana, waliinua mikono wakampungia.